Tusimcheleweshee Mtoto Lugha: Wito kwa Waswahili wa Fordsburg

Ndugu zangu wa Fordsburg na Mayfair hapa Johannesburg, pamoja nanyi mnaokuja huku kila Ijumaa kutoka Lenasia, Yeoville na hata Pretoria kwa ajili ya swala, chakula na habari za nyumbani, nina jambo la kuwaomba. Naliomba kwa niaba ya watu ambao wengi wao bado hawana lugha ya kuliombea wenyewe. Ni watoto wetu viziwi.

Wamo kati yetu. Yuko wa miaka minne anayeshinda nyuma ya kaunta na maboksi matupu, na mteja akimuuliza jina, mama hujibu kwa niaba yake. Yuko wa miaka tisa ambaye hajakanyaga shule kwa sababu familia ilihama kutoka nchi hadi nchi, na kila walikofika waliambiwa wasubiri. Majirani humwita bubu mbele ya uso wake, naye hajui kama anaitwa. Wazazi wao wanawapenda, wanawavisha, wanawalisha vizuri kuliko wenzao. Kitu kimoja tu hawajawapa, yaani lugha, na hawajawapa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kinapatikana, tena karibu na hapa.

Fordsburg ni mahali pa lugha. Toka Oriental Plaza jioni ya Jumamosi, pita Mint Road mpaka Fordsburg Square, utasikia Kigujarati, Kiurdu, Kibengali, Kisomali, Kiamhari, Kiarabu, Kichewa na Kizulu, na katikati yake Kiswahili chetu: cha Kariakoo, cha Eastleigh, cha Bukavu. Mtu akishafungua duka hapa, hujua kuhesabu kwa Kizulu kabla hajaijua njia ya kwenda ofisi za Home Affairs. Hakuenda darasani. Mteja alikuja, bei ikaonyeshwa kwa vidole, neno likafuata, kesho likarudiwa, na baada ya miezi michache mtu anatania kwa lugha ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Hayo tunayaona kila siku mpaka tumeacha kuyastaajabia. Lugha humfikia mtu pale anapoishi na watu wanaoitumia naye.

Sisi tuliotoka pwani tunalijua hili hata katika fasihi yetu. Marehemu Haji Gora Haji, aliyezaliwa kisiwani Tumbatu mwaka 1933, alikuwa mvuvi kabla ya kujulikana kuwa mshairi, na diwani yake aliipa jina la Kimbunga. Mtu wa bara asiyewahi kulala macho akisubiri chombo kirudi angeipa jina jingine. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar kijana katika miaka ya 1960, akaishi Uingereza, akaandika kwa Kiingereza, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na bado Unguja haijatoka vitabuni mwake. Visiwa viliwapa wote wawili maneno, na viliwapa bure, kwa sababu walizaliwa wakiweza kuyapokea kwa masikio yao kutoka kwa kila aliyepita uani. Sasa mfikirie mtoto kiziwi katika nyumba ya Waswahili hapa Fordsburg. Amezungukwa na lugha saba au nane, na hakuna hata moja inayomfikia.

Ningependa tuelewane vizuri juu ya umri, maana hapo ndipo tunapopoteza watoto. Mtoto anayesikia huanza somo la lugha tumboni. Miezi ya mwisho ya mimba tayari anaisikia sauti ya mama yake. Akitimiza mwaka ana maneno mawili matatu. Akifika mitatu anabishana na wakubwa. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi wanaotumia lugha ya alama hupita njia hiyohiyo, karibu kwa ratiba ileile. Mwaka 1991 watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walichapisha katika jarida la Science uchunguzi waliofanya Kanada: watoto wachanga viziwi waliolelewa kwa alama walikuwa wakibwabwaja kwa mikono, wakirudiarudia vipande vya alama visivyo na maana bado, katika umri uleule ambao wengine hurudia silabi kwa mdomo. Akili ya mtoto imeumbwa kuitafuta lugha. Haijali kama inaingia kwa sikio au kwa jicho, mradi iingie mapema.

Lakini watoto waliobahatika kuzaliwa katika nyumba za alama ni wachache. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila watoto kumi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, watu ambao hawakuwahi kuifikiria lugha ya alama hata siku moja. Mzazi wa namna hiyo hana kosa lolote. Anafanya anachokijua: anapaza sauti, anaongea karibu na uso, anaomba dua, anasubiri.

Na mtoto naye hakai bure. Hutunga ishara zake: ya chai, ya kulala, ya gari, ya mjomba mwenye ndevu. Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago amechunguza kwa miongo kadhaa ishara za nyumbani za watoto wa Marekani na Taiwan, akakuta kwamba zina mpangilio ambao mama zao hawakuwapa. Mtoto anajenga sarufi kwa mikono yake mwenyewe, bila mwalimu, bila mfano. Mimi kila nikilifikiria hili naona ni moja ya mambo makubwa kabisa ambayo binadamu anaweza kufanya. Hata hivyo, ishara za nyumbani zina kikomo. Haziwezi kumweleza mtoto kwamba bibi aliyefariki Tanga hatarudi. Haziwezi kumwambia kwamba keshokutwa ni Idi, kwamba dawa hii ni ya siku saba hata ukijisikia umepona, kwamba dhoruba hii itapita. Haziwezi kumwambia: mtu akikugusa vibaya, njoo unieleze. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Katika jiji hili, mtoto asiye na lugha hawezi kumtaja aliyemdhuru.

Kuchelewa nako kuna gharama isiyolipika. Rachel Mayberry, mtafiti wa lugha, amewalinganisha viziwi waliopata lugha ya alama tangu uchanga na wale ambao alama ndiyo ilikuwa lugha yao ya kwanza lakini waliipata wakiwa wakubwa. Waliochelewa walibaki nyuma katika sarufi hata baada ya miaka mingi ya kuitumia. Ila mtu aliyezaliwa akisikia, akapata lugha, kisha akawa kiziwi na kujifunza alama baadaye, aliimudu vizuri zaidi. Aliyewahi kuwa na lugha moja ana msingi wa kujengea nyingine. Asiyepata yoyote utotoni hupata tabu kwa zote zitakazofuata, pamoja na kusoma na kuandika.

Kwa hiyo yale maneno tunayoyasema kwa nia njema, kwamba atasema tu, kwamba hata babu yake alichelewa, tuyaache. Mtoto mchanga kiziwi hulia na kutoa sauti za kucheka kama wengine katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo wazazi hudanganyika. Ukipiga mlango hugeuka kwa sababu amehisi mtikisiko wa sakafu. Ukimwendea kwa nyuma hugeuka kwa sababu ameona kivuli. Mwongozo wanaoufuata wataalamu wa usikivu ni rahisi kukumbuka: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Katika hospitali za umma za Afrika Kusini kipimo hiki bado hakifanywi kwa kila mtoto anayezaliwa. Mama ndiye anayepaswa kukiomba, na akina baba na mashangazi ndio wanaopaswa kumkumbusha akiwa bado kwenye uchovu wa uzazi.

Nataka niwachukue kidogo mbali na Johannesburg, mpaka kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya Massachusetts. Walowezi wa Kiingereza waliohamia huko katika karne ya 17, wengi wao wenye asili ya Kent, walibeba uziwi wa kurithi. Kwa kuwa watu wa kisiwa waliendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe, uziwi ukaenea katika koo zao. Katika karne ya 19, Marekani kwa jumla ilikadiriwa kuwa na kiziwi mmoja katika watu zaidi ya 5,700. Kisiwani alikuwa mmoja katika 155. Katika kijiji cha Chilmark, mmoja katika 25. Mwanaanthropolojia Nora Ellen Groce alikwenda kuwahoji wazee waliokumbuka zama zile, akatoa kitabu chake mwaka 1985, na alichokikuta kingefaa kusimuliwa katika kila mtaa wa dunia. Watu wote kisiwani walijua alama. Wavuvi waliongea kutoka mashua hadi mashua ambako sauti haifiki. Watu wawili wanaosikia waliweza kuendelea na maongezi kwa mikono hata pale ambapo hapakuwa na kiziwi karibu. Viziwi walioa na kuolewa na wanaosikia, walilima, walivua, walishika madaraka ya kijiji. Wazee walipotajiwa majina ya wenzao wa zamani, walikumbuka kwanza nani alikuwa mvuvi hodari na nani alikuwa na visa vya kuchekesha. Kwamba alikuwa kiziwi hawakukumbuka mpaka waulizwe. Kiziwi wa mwisho wa uzao ule alifariki mwaka 1952.

Masikio ya watu wa Chilmark yalikuwa kama ya watoto wetu. Waliotofautiana ni majirani. Hakuna mtoto wa kule aliyejifunza alama kwenye kozi. Alizikuta mtaani, dukani, kanisani, akazichukua kama sisi tulivyouchukua Uswahili. Ndivyo pia ilivyokuwa Nikaragua, kwa njia nyingine: shule ya watoto viziwi ilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, walimu walisisitiza Kihispania cha mdomo, lakini watoto waliokusanyika uwanjani na ndani ya mabasi walianza kuchanganya ishara zao za nyumbani, na wadogo waliokuja nyuma yao wakazigeuza kuwa lugha kamili yenye sarufi yake. Hawakupewa lugha na mtu. Walipewa mahali pa kukutana.

Mahali panaweza pia kuitesa lugha, na sisi wa Fordsburg tunalijua hilo kuliko wengi. Oriental Plaza yenyewe ilijengwa miaka ya 1970 ili kuwapokea wafanyabiashara wa Kihindi waliofukuzwa Fietas, mtaa wa jirani, kwa sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi. Siasa hizohizo ziligawa shule za viziwi. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 ulikuwa umeamua kwamba alama zipigwe marufuku madarasani na watoto wafundishwe kusema kwa mdomo, na uamuzi huo uliathiri shule duniani kote kwa karibu karne nzima. Hapa, shule za watoto Wazungu zilipewa mkazo huo wa mdomo, na za watoto Waafrika ziliachiwa alama zaidi. Watoto waliokaa maili chache mbali wakakua na alama tofauti kwa kitu kimoja, kwa sababu hawakuruhusiwa kucheza pamoja.

Waliojitokeza kuuliza kama basi alama hizo ni lugha nyingi au moja walikuwa wanaisimu Debra Aarons na Philemon Akach. Akach ni Mkenya, mtu wa kwetu, aliyefanya kazi ya Lugha ya Alama ya Kenya kabla ya kuja kufundisha lugha ya alama katika Chuo Kikuu cha Free State huko Bloemfontein. Jibu lao lilikuwa kwamba misamiati inatofautiana lakini sarufi ni moja, na lugha ni moja. Naona fahari kusema kwamba mtu wa Afrika Mashariki ana mkono wake katika jengo hili. Mwaka 1996 sheria ya shule iliipa lugha ya alama hadhi ya lugha rasmi kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 2018 watahiniwa wa kwanza walifanya mtihani wa kumaliza sekondari wa Lugha ya Alama ya Afrika Kusini kama lugha ya nyumbani. Na tarehe 19 Julai 2023 Rais Ramaphosa alitia saini mabadiliko ya katiba yaliyoifanya kuwa lugha rasmi ya 12 ya nchi hii.

Tufahamu maana yake kwetu. Mama wa Kiswahili hapa Fordsburg hana Kizulu wala Kiafrikana cha nyumbani, lakini mtoto wake kiziwi anaweza kukua akiwa na moja ya lugha rasmi za nchi kama lugha yake ya kwanza. Kuna wanaoniuliza: je, si afadhali afundishwe alama za Tanzania au za Kenya ili tukirudi nyumbani asipate shida? Nyumbani nako zipo lugha kamili. Tabora ilipata shule ya viziwi mwaka 1963, Buguruni mwaka 1974. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja lugha ya alama. Ya Kenya ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Mtoto aliyekuja hapa akiwa na alama za Kenya asinyang'anywe. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa apewe alama za hapa, kwa sababu watoto wenzake wako hapa. Akishakuwa na lugha moja imara, ya pili ataipata kwenye basi la kwenda Dar es Salaam.

Wapo pia wanaoogopa kwamba akitumia mikono hatasema kamwe. Nawaomba waitoe hofu hiyo. Shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, humsaidia mtoto mwenye usikivu uliobaki, na upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio unafanywa hapahapa Johannesburg. Anayeweza kuvipata avipate. Lakini kifaa huchelewa, huharibika, betri huisha, fedha hukosekana, na wakati huo mtoto anakua. Alama hazizuii mdomo. Sisi tunaolea watoto wanaozungumza Kiswahili na bibi, Kiingereza na mwalimu na Kizulu na rafiki hatuna sababu ya kudhani kwamba lugha moja zaidi itaijaza akili ya mtoto.

Sasa niseme mambo ya kufanya, na nitasema kwa majina ili mtu asibaki akiuliza pa kuanzia. Wengi wetu tunajifungulia Hospitali ya Rahima Moosa kule Coronationville, iliyopewa jina la mmoja wa wanawake wanne walioongoza maandamano ya akina mama kwenda Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Ukiwa pale na mtoto mchanga, uliza juu ya kupimwa masikio kabla hujaondoka, na usipopata, rudi naye kwenye kliniki siku ya chanjo. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali, au ambaye mama yake alipata rubela akiwa mjamzito, apimwe bila kungoja dalili yoyote. Sikio linalotoa usaha nalo lisiachwe kwa mafuta ya moto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Tatizo likithibitishwa, iko programu iitwayo HI HOPES, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Kituo cha Masomo ya Viziwi cha Chuo Kikuu cha Wits, mwendo mfupi kutoka hapa. Wanakuja nyumbani kwako. Wanakaa na wazazi sebuleni, wanaeleza, na wanaleta mtu mzima kiziwi wa kumlea mtoto kilugha. Hilo la mtu mzima kiziwi nalisisitiza kuliko yote. Mzazi anayesikia akimwona mwanamume kiziwi mwenye kazi, mke na gari, akimwona anacheka na kuhadithia, kilio chake cha usiku hupungua. Na mtoto hupata kumwona mtu mkubwa aliye kama yeye. Wapo watoto viziwi wanaodhani kwamba viziwi hawafiki utu uzima, kwa sababu hawajawahi kumwona hata mmoja.

Shule zipo. St Vincent, iliyoanzishwa na masista Wadominiko mwaka 1934, iko upande wa Melrose. Sizwile iko Dobsonville, Soweto. Najua swali linalofuata: na karatasi? Ibara ya 29 ya Katiba ya Afrika Kusini inasema kila mtu ana haki ya elimu ya msingi, na haikusema kila raia. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda ilitamka kwamba shule haiwezi kumfukuza mtoto kwa kukosa hati. Kwa matibabu pia, Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliagiza kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 6 wahudumiwe bure katika hospitali za umma za Gauteng, bila kujali uraia wala hati. Bado mlangoni mama anaweza kukutana na mtu anayemwambia vingine, tena kwa ukali. Ndiyo sababu naomba asiende peke yake. Wenye Kiingereza kizuri na wenye ujasiri wa maofisini, ninyi mliokaa hapa miaka kumi na tano na mnaojua nani ni nani, wasindikizeni. Asubuhi moja ya kufuatana na mama mgeni inaweza kuwa na faida kuliko mchango wa fedha.

Ila fedha nazo tuzungumze, maana sisi ni watu wa michango. Mmoja wetu akifia hapa, ndani ya siku mbili daftari limezunguka kutoka Mayfair hadi Yeoville na tiketi ya kumrudisha marehemu kwao imepatikana. Sijawahi kuona jambo linaloonyesha utu wetu ugenini kama hilo. Naomba daftari hilohilo lizunguke mara moja kwa mwaka kwa ajili ya mtoto aliye hai. Lilipe nauli ya teksi ya mama wa mtoto kiziwi kwenda shule na hospitali. Limlipe mwalimu kiziwi aje kutufundisha alama kila Jumamosi baada ya alasiri, katika madrasa au ukumbi wa kanisa utakaopatikana. Alipwe kama fundi yeyote anavyolipwa, asiambiwe kwamba ni kazi ya thawabu. Na darasa lisiwe la mama peke yake. Waje baba, kaka, dada, shangazi, watoto wa jirani anaocheza nao, na mwenye duka la pembeni anakotumwa mkate. Mtoto anayezungumza na mama yake tu bado amefungiwa.

Wenye maduka, washeni taa nzuri juu ya kaunta na muwe na taa ya betri, kwa sababu umeme wa jiji hili ukikatika sisi tunaendelea kuongea gizani na kiziwi anakatwa katikati ya sentensi. Nondo na vioo tulivyoweka kwa kuogopa majambazi viache nafasi ya kuonana uso kwa uso. Maimamu na wachungaji, mkalimani mmoja kando ya mimbari mara moja kwa mwezi atamwingiza msikitini au kanisani kijana ambaye kwa miaka yote amekuwa akiinama na kuinuka kwa kuwatazama wengine, bila kujua kinachosemwa. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye kumbukumbu ya Mzee Mandela katika uwanja wa FNB, dunia nzima ilimwona mtu aliyesimama jukwaani akijifanya mkalimani huku mikono yake haisemi kitu, na sote tulikasirika. Mtoto wa miaka saba tunayemfanya mkalimani wa kaka yake kiziwi mbele ya daktari anastahili tukasirike vivyo hivyo, kwa ajili yake na kwa ajili ya kaka yake.

Kwa vijana wetu nina ombi la pekee. Wakalimani wa lugha ya alama wanaojua pia Kiswahili ni adimu katika nchi hii, na familia zetu zinawahitaji hospitalini, mahakamani na shuleni. Ni kazi ya heshima yenye soko. Anayetafuta cha kusomea baada ya sekondari aifikirie.

Tarehe 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, na kesho yake, 24 Septemba, ni Siku ya Urithi, shule zinafungwa na watoto wako nyumbani. Napendekeza tuanze darasa letu la kwanza siku hizo mbili. Kabla ya hapo, kila msomaji wa wito huu amtafute mzazi mmoja wa mtoto kiziwi katika jengo lake au mtaa wake, amsalimu, amweleze juu ya kipimo, juu ya HI HOPES na juu ya shule zile mbili, na ajiandikishe pamoja naye katika darasa hilo. Mtoto wa miaka minne yule wa nyuma ya kaunta hawezi kungoja Septemba ya mwaka mwingine.